Niliandikia mashine orodha ya maneno ya kuzuia, ikamfukuza mtu aliyekuwa akimtafuta mama yake

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma na kupita. Niko hapa miaka mingi na nyuzi zangu hazifiki tano. Lakini wiki hii nimefuatilia ule ugomvi wa bot inayofuta post za watu bila kuuliza. Wengine wanataka iondolewe, wengine wanasema bila hiyo tutazama kwa matusi. Nikaona nikinyamaza nitakuwa nimekosea mara ya pili.

Haya nitakayosema niliyafanya mimi mwenyewe. Majina ya watu nimebadilisha. Mengine yote yalikuwa hivyo, hata pale ambapo ningependa yawe tofauti.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nafundisha hesabu kwenye chuo kidogo cha kanisa nje ya mji wa Kericho. Mniite Kibet. Chuo kilikuwa kimepewa kompyuta mbili na modem, na kwa sababu mimi ndiye sikuziogopa, nikapewa ufunguo wa chumba.

Vijana wa siku hizi, email ya wakati huo haikuwa hii yenu. Modem ilipiga simu Nairobi mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Inalia kama paka amekanyagwa, inapokea mzigo wa barua, inatuma ulizoandika, inakata. Mvua ya Kericho ikinyesha vibaya na laini ya simu ianguke, unangoja kesho.

Kupitia hiyo modem nikajiunga na list ya barua pepe ya watu wa Kericho na Bomet. Ukiandika barua moja, wote wanaipata. Tulikuwa kama mia mbili hivi, wengi wakiwa masomoni ng'ambo. Wengi Wakipsigis kama mimi, lakini pia Wakisii na Wakikuyu waliozaliwa huku, waliosoma na sisi shule za msingi.

Aliyeianzisha alikuwa dada mmoja wa Ndanai, nitamwita Chebet, aliyekuwa anasomea uuguzi Amerika. List ilikaa kwenye kompyuta ya chuo kikuu chake. Mimi alinipa password nimsaidie, kwa sababu nilikuwa nyumbani na ningeweza kuthibitisha habari.

Ilikuwa kitu kizuri sana. Mtu anaandika kutoka Texas, "Baba yangu amelazwa, kuna mtu yuko karibu?" Kesho yake mtu wa karibu anapita hospitali na kurudisha jibu. Mimi mwenyewe nilienda Londiani mara mbili na Chepseon mara moja kupeleka salamu za watu ambao sijawahi kuwaona kwa macho.

Halafu ukaja ule msimu wa uchaguzi.

Sitaeleza siasa. Waliokuwepo wanajua. Mpakani kule Sotik na Ndanai, kati yetu na Wakisii, nyumba zilichomwa, watu wakakimbia, kila upande ukazika wake. Na moto huo ukaingia kwenye list. Watu waliokuwa wakipeana salamu wakaanza kuitana majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wengine hawakuwa wamekanyaga Kenya kwa miaka sita lakini ndio walikuwa wakali zaidi.

Chebet aliandika kusihi. Hawakumsikia. Mimi niliandika kukemea. Nikatukanwa.

Ndipo nikasoma maelezo ya ile programu ya kuendesha list nikaona kuna mahali unaweza kuipa orodha ya maneno. Barua yoyote yenye neno moja la hiyo orodha inazuiwa, inaletwa kwa msimamizi aisome kwanza.

Nilifurahi wakuu. Mimi ni mtu wa hesabu. Nilikaa chini nikaandika matusi yote niliyoyajua. Kisha nikajiambia, hata bila matusi, ugomvi wote unaanza mtu akitaja kabila. Basi nikaongeza majina ya makabila.

Siku ya kwanza zikazuiwa barua arobaini. Ilibidi modem iniletee zote, nizisome moja moja, nijibu moja moja. Simu ya chuo ikawa haipatikani, mkuu wa chuo akaja kusimama mlangoni na kuniuliza kama nimeoa hiyo mashine.

Kwa hivyo nikabadilisha mambo mawili. La kwanza, barua ikishikwa isiletwe kwangu. Iwekwe pembeni kimya kimya, na mwenyewe asiambiwe. La pili, mtu akishikwa mara tatu, mashine imtoe kwenye list yenyewe na kumtumia ilani.

Ilani niliitunga mimi, kwa Kiingereza cha ofisi: umeondolewa kwa kukiuka kanuni za heshima, uamuzi huu ni wa mwisho.

Chebet aliniandikia siku hiyo hiyo.

"Kibet, na kama mtu atakuwa na shida ya kweli?"

Nikamjibu, na hili jibu naweza kuliapia kwa sababu nililisoma tena mara nyingi baadaye: "Mtu mwenye shida ya kweli ataandika vizuri."

Hakujibu. Alikuwa na mitihani. Mimi nikaenda kula chakula cha mchana.

Na mnajua nini? Ilifanya kazi. List ikatulia. Watu wakarudi kupongezana kwa harusi na kuulizana bei ya majani chai. Wakaniandikia kunishukuru kwa lugha yetu, "Kongoi mising, Kibet, umetuokoa." Injinia mmoja wa kwetu aliyekuwa Uingereza akasema hii ndiyo dawa hata ya nchi nzima, sheria isiyojua mtu.

Karibu miezi miwili nilitembea kama mtu aliyegundua kitu.

Halafu nikapata barua. Ya karatasi, kwenye sanduku la posta la chuo, ikiwa na stempu za Canada. Kila email yangu ilikuwa na anwani ya chuo hapo chini, na mwandishi aliinakili kutoka huko. Nitaandika maneno yake jinsi ninavyoyakumbuka.

"Ndugu Kibet. Hatujuani kwa sura. Mimi naitwa Momanyi, nimezaliwa Ndanai, mama yangu anauza nyanya na mboga pale sokoni tangu nikiwa mdogo. Nimeandika kwa list mara tatu kuuliza kama kuna mtu amemwona. Sikujibiwa hata na mmoja. Mara ya tatu nikaambiwa nimeondolewa kwa kukosa heshima. Kama ni kwa sababu mimi ni Mkisii, niambieni tu waziwazi, nitaelewa. Lakini mama yangu hajawakosea."

Nilisoma nikiwa nimesimama hapo posta, watu wanapita. Nikafikiri, hapana, huyu amekosea mahali. Hakuna barua kama hiyo iliyokuja kwenye list. Ningeiona.

Nilirudi kwa kompyuta nikaomba mashine initumie kumbukumbu ya barua ilizozishika. Ilikuja saa tisa. Jina lake lilikuwa hapo mara tatu, kila wiki mara moja. Na mbele ya kila barua, neno lililoishikisha. Mkisii. Mkisii. Mkisii.

Barua zenyewe zilikuwa kwenye faili kule Amerika. Hakuna mtu aliyewahi kuifungua. Chebet alinitolea, zikafika kesho yake.

Ya kwanza ilikuwa na adabu kuliko barua yoyote iliyowahi kuandikwa kwenye ile list. "Wazazi, kaka na dada, samahani kwa kuwasumbua wakati huu mgumu. Mama yangu ni Mkisii anayeishi Ndanai..." Ameeleza alivyo, mfupi, ana kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, ana ugonjwa wa sukari. Amesikia nyumba imechomwa. Anwani na namba zote za simu zilikuwa kwenye hiyo nyumba, kwa hivyo mama hana njia ya kumfikia, na yeye hana njia ya kumfikia mama. Ana mjomba anayechuna chai kwenye shamba moja karibu na Kericho, hajui ni lipi, anakumbuka tu laini yao ya nyumba za wafanyikazi iko juu ya daraja la mbao.

Karibu na Kericho, wakuu. Mahali nilipokuwa nimekaa.

Nilimwandikia Chebet kwamba hii ni ajali, nitalitoa hilo neno kwenye orodha.

Akanijibu kwa mstari mmoja. "Isome orodha yako yote, kwa sauti."

Nilifunga mlango nikaisoma. Mkisii, Wakisii, Mkikuyu, Wakikuyu, Mjaluo, Mluhya, Mmasai. Nilifika mwisho. Nikarudi juu. Kipsigis haikuwepo. Kalenjin, jina la jamii yetu nzima, haikuwepo.

Na nilikumbuka kwa nini. Niliziweka siku ya kwanza. Siku ya pili nikazitoa, kwa sababu zilikuwa zinazuia barua zetu nyingi sana za kawaida. Mtu wetu akisema "sisi Kipsigis" niliona ni mazungumzo. Mtu mwingine akitaja kabila lake niliona ni siasa.

Sikuwahi kufikiria hivyo kwa maneno. Lakini niliandika hivyo kwenye mashine, na mashine ikatii.

Nilipeleka habari kwa list yote. Yule injinia akanitetea. Akasema mashine haina kabila, imefuata sheria, huyo kijana angetumia neno lingine. Wengine wakamuunga mkono. Wakasema tukiondoa filter, yaani ile orodha, tutarudi kwa matusi, na hapo walikuwa na ukweli. Siku tatu tulibishana. Chebet aliandika mara moja tu: "Mashine haina kabila. Aliyeiandikia anayo. Kibet, umeenda kumtafuta huyo mama au bado mnajadiliana?"

Jumamosi nikaenda.

Shamba la kwanza hawakumjua. La pili askari wa geti akasema kuna daraja la mbao kule chini ya kiwanda, nifuate harufu ya majani yanayokaushwa halafu nishuke. Nikashuka. Juu ya daraja kulikuwa na laini ya nyumba nyeupe, nguo zimeanikwa, akina mama wanaosha vikapu. Niliuliza mjomba wa Momanyi wa Ndanai. Wakaniangalia viatu, wakaniangalia uso, wakasikia Kiswahili changu kinatoka upande gani. Kisha mmoja akaenda kumwita.

Alitoka mzee mwembamba, nitamwita Ogeto. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu wa chai.

"Wewe ni nani kwa Momanyi?" akauliza kabla ya salamu.

"Tuko pamoja naye kwa kompyuta, mzee."

"Kwa kompyuta ni wapi?"

Nikasema, "Ameandika barua. Anamtafuta mama yake."

Akasukuma mlango. Akasema, "Ingia."

Alinipa kiti kimoja tu kilichokuwepo, yeye akakaa kitandani. Mke wake akaleta chai. Ogeto akasema dada yake alifika hapo kwa miguu na kwa lori la mtu, na kitambaa kimoja na Biblia. Dawa za sukari ziliungua. Walimpeleka zahanati ya shamba, wakampa kidogo, ikaisha. Mguu ukavimba.

"Tulimzika," akasema. "Jumatatu hii inayokuja ni wiki ya tatu. Tulimpeleka Kisii, kwa watu wa mume wake."

Niliweka kikombe chini.

"Alikuwa anauliza kila jioni nikitoka shambani," akaendelea, "kama posta imeleta kitu. Namwambia Momanyi hajui uko hapa. Anasema, Momanyi ana akili, atapata njia."

Ningeweza kunyamaza, wakuu. Yule mzee hangejua kamwe. Ningemwambia barua zimechelewa njiani, na angeniombea baraka ya safari.

Nikasema, "Mzee, Momanyi alipata njia. Aliandika mara tatu, na ya kwanza dada yako akiwa hai. Mimi ndiye nilizizuia."

"Wewe ni posta?"

"Ni kama posta. Niliweka sheria kwamba barua yenye jina la kabila isipite. Aliandika kwamba yeye ni Mkisii. Haikupita."

"Zingefika wapi?"

"Kwangu."

"Hapa Kericho?"

"Hapa Kericho."

Mke wake aliacha kusonga ugali. Ogeto hakupaza sauti. Aliangalia mikono yake, akaanza kukwangua ule weusi kwa ukucha, kidole kimoja baada ya kingine. Mwishowe akasema, "Mimi siwezi kumwandikia mtoto habari hiyo. Utamwandikia wewe. Na usimfiche kitu."

Akaniambia mambo ya kuandika. Ni nani aliomba siku ya mazishi. Alivaa nguo gani. Kwamba siku ya mwisho alikunywa uji akaumaliza. Nilichukua kalamu nikaandika nyuma ya bahasha, na alinisubiri nimalize kila neno kabla ya kusema lingine.

Niliandika ile email Jumatatu. Nimeandika mitihani, nimeandika ripoti, sijawahi kuandika kitu kilichonichukua asubuhi nzima kama kile. Sikuweka maneno ya kujitetea. Nilipofika mahali pa kusema "mashine ilizuia", nilifuta nikaweka "nilizuia".

Siku nne hakuna jibu. Siku ya tano likaja.

Momanyi alishukuru kwa kwenda. Akasema bado hajui afanye nini na mimi, lakini ana ombi moja. Zile barua zake tatu ziwekwe kwenye list, kama alivyoziandika, bila kubadilisha neno.

Nilitoa filter, nikaziweka, moja kila siku, tarehe zake zikiwa juu.

Kisha watu wakaanza kuandika. Mmoja akasema alikuwa akinunua nyanya kwake akiwa shule. Mwingine akasema huyo mama ndiye aliyemfundisha kuhesabu chenji. Hata yule injinia aliandika mistari miwili ya pole, na sikuona akitetea mashine tena.

Chebet ndiye alichelewa. Nilidhani ni mitihani. Kumbe alikuwa amepiga simu Ndanai, duka lenye simu, akaomba mama yake aitwe, akapiga tena kesho yake. Mama yake Chebet, Mkipsigis wa kanisa, alikuwa anamjua mama Momanyi vizuri. Siku ile nyumba zilipochomwa, alimwingiza kwenye ghala lake la mahindi, akakaa naye humo siku mbili, akawaambia vijana waliokuja kwamba ghala lina panya na dawa ya panya. Kisha akamtafutia lori la maziwa la kumfikisha barabara ya Kericho. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata binti yake, kwa kuogopa majirani.

Chebet aliandika haya yote kwa list. Momanyi akajibu neno moja, kwa Kipsigis.

"Kongoi."

Tulipatana kwamba orodha ya maneno irudi, kwa sababu matusi yalianza tena ndani ya wiki moja. Lakini kila barua itakayoshikwa isomwe na mtu, na mwenyewe aambiwe. Wasomaji wawe watatu. Mimi, Chebet, na tukamuomba Momanyi. Nilidhani atakataa. Alikubali, akasema tu orodha aione yeye kwanza. Alipoirudisha alikuwa ameongeza Kipsigis na Kalenjin.

Kuna barua moja ya wakati huo siwezi kuisahau. Mzee mmoja wa kwetu, anaishi ng'ambo, ndugu yake aliuawa kwa mshale kule mpakani. Barua ilikuwa chungu, imejaa "hawa Wakisii" kila mstari. Mimi niliisoma nikapiga kura yangu: izuiwe. Chebet hivyo hivyo.

Momanyi aliisoma akatuandikia: "Huyu hatukani. Anauliza nani alimuua ndugu yake na kwa nini hakuna mtu anamjibu. Mpitishe. Nitamjibu mimi."

Akamjibu. Waliandikiana hadi ile list ikafa kifo chake cha kawaida, miaka miwili baadaye.

Wakuu, sijaja kuwaambia muondoe bot. Mimi niliona matusi yale, najua yanaweza kufanya nini. Ninachosema ni hiki: sheria ikishaandikwa kwenye mashine, aliyeiandika hujificha nyuma yake, hata kwake mwenyewe. Mimi nilijificha miezi miwili na nikapewa shukrani. Yeyote anayezuiliwa aambiwe, na kuwe na mtu mwenye jina wa kumuuliza. Na wasomaji wasiwe wa nyumba moja.

Mzee Ogeto nilimtembelea mara kadhaa kabla hajastaafu kurudi Kisii. Hakuwahi kusema amenisamehe na sikuwahi kumuuliza. Alikuwa ananipa kile kiti.

Kama humu kuna mod, au kuna aliyewahi kufutwa bila kuambiwa kosa, aseme. Na kama kuna anayeona nilipaswa kunyamaza pale kwa mzee, nataka kumsikia yeye zaidi. Nitasoma zote mwenyewe.